Asali changa: ulimi wa nani unapanga bei Mungaa?

Anayeuza asali Mungaa, mkoani Singida, huwa hapotezi muda kueleza inatoka wapi. Wateja wanajua kwamba asali ya Singida ina jina, kuanzia Ikungi hadi Manyoni na Itigi, na mkazi wa Dodoma au Dar es Salaam akiagiza “asali ya Singida” hahitaji kushawishiwa. Ugomvi unazuka mnunuzi akishafungua kifuniko cha ndoo, akachovya kijiti, akalamba, akatulia, kisha akatamka neno moja: changa.

Kwa mfanyabiashara mmoja wa Tarafa ya Mungaa ambaye hakutaka jina lake litajwe, neno hilo ndilo ugonjwa wa biashara yote. Yeye hukusanya asali kwa wafugaji wa vijijini, huichuja, kisha huipeleka mjini kwa wanunuzi wa jumla. Anadai kwamba asali ileile, iliyotoka kwenye mizinga ileile, huitwa nzuri mwezi ambao bidhaa ni haba na huitwa changa mwezi ambao ndoo zimejaa sokoni. Hapewi karatasi wala namba yoyote ya kipimo. Akibisha anaambiwa airudishe nyumbani, na nauli ya kuileta ameshalipa. Kwa maelezo yake, mnunuzi amejifanya mlalamikaji, shahidi na hakimu katika kesi moja.

Malalamiko hayo yana uzito, lakini yana upande wa pili ambao mfanyabiashara huyo hakuutaja mpaka alipoulizwa. Asali changa ipo kweli. Nyuki huleta ute wa maua ukiwa na maji mengi, huupepea ndani ya mzinga mpaka maji yapungue, kisha huziba vitundu vya sega kwa nta. Sega likizibwa, asali imeiva. Mtu akirina kabla ya hapo, anapata kitu kitamu kinachofanana na asali lakini hakitakaa. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira ya asili iliyomo inaamka. Baada ya wiki kadhaa juu kunafanya povu, kifuniko cha ndoo kinavimba, na ukikifungua unapokewa na harufu ya pombe. Mnunuzi aliyepata hasara ya namna hiyo mara moja hawezi kulaumiwa kwa kuwa na ulimi mkali.

Waonjaji wazoefu wana namna yao. Kwanza wanainua kijiti na kuangalia asali inavyoshuka: iliyokomaa inateremka kama utepe usiokatika na kujikunja juu ya nyenzake, changa inadondoka na kupotea. Kisha wananusa, wakitafuta moshi, kwa sababu asali ya mzinga wa gogo uliorinwa kwa mwenge wa moto hubeba harufu ambayo hakuna chujio la kuiondoa. Mwisho ndipo wanalamba. Asali changa utamu wake unawahi na kukatika, na nyuma yake unabaki uchachu mwembamba. Iliyoiva inashika koo, inawasha kidogo, na ladha yake inakaa. Mtu aliyelelewa na mizinga anaweza hata kukuambia kama nyuki walikuwa kwenye miyombo, kwenye migunga au kwenye mashamba ya alizeti.

Alizeti ina kesi yake. Mkoa huu unajulikana kwa zao hilo, na asali inayotokana nayo huganda haraka kwa sababu ya aina ya sukari iliyomo. Wateja wengi wa mjini wakiona chembechembe chini ya chupa wanasema imechakachuliwa kwa sukari. Si kweli. Kuganda ni tabia ya asali halisi. Ila muuzaji anayeogopa kupoteza mteja huiweka juu ya moto ili irudi kuwa maji, na hapo ndipo anapoiharibu. Joto huzalisha kemikali ambayo maabara huitumia kutambua asali iliyopikwa au iliyokaa sana, na kiwango cha kimataifa kinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto. Majaribio ya mtaani ya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, au kudondosha asali kwenye glasi ya maji, hayaoni kitu hicho, wala hayamkamati mchakachuaji anayejua kazi yake.

Asali ya nyuki wadogo inazidi kutatiza. Ni ya kimiminika, ina uchachu kwa asili yake, na maji yake kwa kawaida hupita hiyo asilimia 20 hata ikiwa imekomaa kabisa. Anayeipima kwa kanuni ya nyuki wakubwa atasema ni changa siku zote, ilhali wanunuzi wa dawa za asili wanaitafuta kwa bei ya juu.

Kwa nini basi watu warine mapema? Jibu la vijijini ni fupi: wizi na shida. Mzinga unaoning'inia mbali na nyumba hauna mlinzi, na mwenye nao anajua kwamba akisubiri sega lizibwe lote, mwingine atamtangulia, awe binadamu au nyegere. Ada ya shule nayo haisubiri nyuki wamalize kupepea. Zamani, katika mikoa ya kati, asali ya namna hiyo ilikuwa na pa kwenda, yaani kwenye pombe. Leo inachanganywa na iliyoiva ili ndoo ijae, na mnunuzi anaionja yote kwa mkupuo mmoja.

Ofisa mmoja wa serikali anayehusika na misitu, ambaye naye hakutaka kutajwa, aliona mambo hayo ni madogo. Alipenda zaidi kuzungumzia uwezo wa nchi: tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Takwimu hiyo ni ya siku nyingi. Imekuwapo tangu zama za sera ya taifa ya ufugaji nyuki ya 1998, na inarudiwa katika hotuba mpaka leo. Inafaa kuitazama ilivyojengwa. Gawanya asali kwa nta na utapata 15 kamili. Msingi wake ni makundi ya nyuki milioni 9.2, kila kundi likipewa kilo 15 za asali na kilo moja ya nta. Hayo ni makisio yaliyozidishwa, hayakutoka kwenye mzani wowote. Uzalishaji wa sasa unatajwa kuwa kama tani 30,000, lakini inayouzwa nje kwa njia rasmi ni sehemu ndogo tu ya hizo, na iliyobaki inapita kwenye madumu ambayo hakuna anayeyahesabu.

Mkusanyaji wa Mungaa hauzi uwezo wa taifa. Anauza ndoo ya lita 20, na hapo anapunjwa hata kabla asali yake haijaonjwa. Asali ni nzito kuliko maji: lita 20 zina takriban kilo 28. Anayenunua kwa ndoo na kuuza kwa kilo amepata faida kabla hajaongeza chochote.

Tatizo la ulimi mmoja kupanga bei, wafanyabiashara wa chai walishalitatua kwa sehemu. Katika mnada wa Mombasa, sampuli za kila shehena huwafikia wanunuzi kabla ya siku ya kuuza, na waonjaji wengi huonja chai hiyohiyo, kila mmoja kwa ulimi wake na kwa hofu ya kushindwa na mwenzake. Ulimi mmoja ukidanganya, mwingine unanunua. Asali ya Mungaa haina ushindani huo, na sioni dalili ya kuupata karibuni. Ushirika unaweza kusaidia, kama viongozi wake hawatageuka kuwa madalali wapya. Mizinga ya kisasa inaweza kupunguza moshi, ingawa mingine iliyogawiwa imebaki mitupu.

Kilicho karibu zaidi ni kipima unyevu cha mkononi. Unadondosha tone moja kwenye kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mstari. Kwa kawaida bei yake haizidi thamani ya ndoo moja ya asali, na wafugaji kumi wanaweza kuchanga wakakinunua. Hakitamzuia mnunuzi kushusha bei, lakini kitamlazimu atafute sababu nyingine. Kwa hiyo anayeuza asali msimu huu adai mambo mawili kabla ya kupokea fedha: ipimwe kwa kilo, na isomwe kwa kipimo huku wote wawili wakiangalia.