Pweza, Ngisi na Dome: Alama za Kuwatambua

Pweza, ngisi na dome ni ndugu wa konokono na chaza, ingawa kwa kuwatazama si rahisi kuuamini udugu huo. Wote ni moluska, wanyama wa mwili laini wasio na uti wa mgongo. Hawa watatu wamo katika kundi la sefalopodi, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya miguu kichwani, nalo linawafaa kweli, maana mikono yao imeota kuuzunguka mdomo. Mdomoni mna taya mbili ngumu zilizopindana kama za kasuku. Mioyo wanayo mitatu, na damu yao ni ya buluu, kwa kuwa hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama ya binadamu.

Rangi si alama ya kutegemea. Ngozi yao ina vifuko vidogo mno vya rangi vinavyovutwa na misuli, na mnyama aliyekuwa kahawia huweza kupauka kufumba na kufumbua. Pweza hata huinua vinundu akafanana na jiwe. Ndiyo maana wavuvi wa miambani huangalia zaidi mlango wa pango lake: magamba ya kaa na makombe yaliyorundikana hapo humfichua.

Alama ya hakika ni mikono. Pweza ana minane tu, yenye vikombe laini vya kunata. Ngisi na dome wana minane pia, lakini huongeza miwili mirefu ya kurusha na kunasa mawindo. Vikombe vya ngisi vina pete ngumu, mara nyingi zenye meno.

Kumtenga ngisi na dome, yatazamwe mapezi. Ya ngisi hukaa upande wa nyuma wa mwili wake mrefu uliochongoka. Ya dome ni ukanda mwembamba unaopita mbavuni mwote. Mboni ya jicho la dome nayo imejikunja mfano wa herufi W.

Shaka ikibaki, mwili upasuliwe. Pweza hana mfupa, hivyo hupenya tundu lolote linalopitisha taya zake. Ngisi ana kijiti chembamba kinachoangaza kama plastiki. Dome ana kipande cheupe cha chokaa, chepesi, chenye vyumba vya hewa vinavyomsaidia kuelea. Akifa, kipande hicho huelea hadi ufukweni, na wafugaji huwapa ndege wa kwenye tundu wakidonoe.