Usingizi wa Kompyuta: Nani Alale Kwanza?

Katika machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, wilayani Chunya, shimo la mchimbaji mdogo huitwa duara. Tuchukue duara refu lenye jenereta juu, linaloendesha feni ya kusukuma hewa chini. Kazi ikisha jioni, hakuna mwenye akili azimaye jenereta kwanza. Watu hupanda, feni huzimwa, jenereta huwa ya mwisho. Asubuhi mpango hupinduliwa: jenereta, feni, ndipo watu washuke.

Kompyuta iamriwapo kulala, kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayotawala vifaa vyote, hufuata kanuni hiyo hiyo. Tutazame Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa maandishi yake yako wazi kwa yeyote apendaye kuyasoma. Kwanza kiini huzigandisha programu za mtumiaji zisiendelee kuagiza kazi. Kisha hukilaza kila kifaa, kikianza na kinachotegemea na kumalizia kinachotegemewa. Flashi iliyochomekwa hulala kabla ya kidhibiti kinachohudumia tundu lake. Kama kidhibiti kingetangulia, alama za mtihani alizokuwa akizihifadhi mwalimu zingeweza kukwama njiani.

Kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, hupanga hali za umeme za kifaa kuanzia D0, kikiwa macho kabisa, hadi D3, kikiwa kimezimwa. D1 na D2 zipo katikati, ingawa vifaa vingi havizitumii. Kifaa kilichokatiwa umeme husahau mipangilio yake. Hivyo kabla ya hapo mipangilio hiyo hunakiliwa katika kumbukumbu kuu, irudishwe wakati wa kuamka.

Je, kifaa kimoja kikikataa kulala? Kiini hakilazimishi. Husitisha safari yote na kuviamsha vile vilivyokwisha kulala, cha kutegemewa kikitangulia. Mtumiaji huona tu kwamba mashine imegoma, naye huilaumu bure.

Kumbukumbu kuu yenyewe haizimwi. Huachiwa umeme kidogo, wa kutunza yaliyomo tu. Kwa hiyo kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika ingali usingizini, huwaka tena kama iliyozimwa ghafla: kazi iliyokuwa haijahifadhiwa kwenye diski haipo.