Suzuka: saa 8 za mbio, mwaka mzima wa biashara

Kila mwaka katika majira ya joto, pikipiki hukimbizwa kwa saa 8 mfululizo katika kiwanja cha Suzuka nchini Japani. Huanza kabla ya adhuhuri na kumalizika usiku, taa zikiwa zimewashwa, na waendeshaji wawili au watatu wakipokezana pikipiki moja. Wapenzi wa michezo huyasimulia mashindano haya kwa majina ya washindi. Kwa mtu wa biashara, kilichoyaweka hai tangu 1978 ni sharti ambalo umuhimu wake hautajwi vya kutosha: pikipiki inayoshindana iwe na nasaba na ile inayouzwa dukani, na gereji ya mtu binafsi iweze kusimama mstari mmoja na kiwanda. Sharti hilo lilipokuwa na nguvu, fedha zilienea kwa wengi. Lilipolegea, mashindano yalibaki kuwa tangazo la kampuni moja.

Ushahidi wa kwanza ulipatikana siku ya kwanza kabisa. Honda ilifika Suzuka 1978 na RCB, mashine iliyoundwa mahsusi kwa mbio, ambayo kwa misimu miwili ilikuwa imewanyanyasa wapinzani wote Ulaya. Ikashindwa nyumbani kwake. Walioibuka kidedea ni Wamarekani Wes Cooley na Mike Baldwin, juu ya Suzuki GS1000 iliyotayarishwa na Hideo Yoshimura, fundi aliyeanza kwa kuzichezea injini za pikipiki za wanajeshi wa Kimarekani baada ya vita. Pikipiki yao ilitokana na ile ambayo mteja yeyote angeweza kuinunua. Yoshimura alikuwa tayari anauza mabomba ya moshi yanayokusanya njia nne za injini kuwa moja, na baada ya ushindi ule jina lake likawa bidhaa yenyewe. Mkwewe, Mamoru Moriwaki, alikuwa na karakana palepale Suzuka, naye akafuata njia hiyohiyo. Hivyo ndivyo biashara ya vipuri vya kuongeza nguvu ilivyopata dirisha la kuoneshea mali yake: mteja anaona kipuri kikistahimili saa 8 za joto kali, kisha anakwenda kukiulizia dukani.

Miaka ya 1980 ndiyo inayoeleza mengi zaidi. Kati ya 1981 na 1983 Honda na Yamaha zilipigana vita vya soko vilivyojaza maghala pikipiki zisizo na wanunuzi, mpaka Yamaha ikasalimu amri. Viwanda vikatoka humo vikihitaji sababu mpya ya kumfanya mteja alipe zaidi, na mbio zikavipa. Mwaka 1984 kikomo cha ujazo wa injini katika daraja kuu kilishushwa kutoka cc 1000 hadi 750. Mwaka uliofuata Suzuki ikaingiza sokoni GSX-R750, iliyorithi mengi kutoka kwa mashine zake za mbio ndefu. Honda nayo ikajibu 1987 kwa VFR750R, dada wa RVF iliyokuwa ikishinda Suzuka. Lakini wengi wa vijana wa Kijapani hawakuweza kuziendesha. Tangu 1975 mtihani wa leseni ya kuvuka cc 400 ulikuwa mgumu mno, kwa hiyo viwanda vikatengeneza nakala ndogo za cc 400 zenye sura na rangi za Suzuka, na hizo ndizo zilizowafikia vijana kwa wingi. Hata wasiouza pikipiki walijitokeza: kampuni ya vipodozi ya Shiseido ilidhamini pikipiki ya Yamaha ya Kenny Roberts na Tadahiko Taira mwaka 1985 ili kuuza bidhaa zake za wanaume. Pikipiki ile iliharibika ikiongoza, zikiwa zimebaki takriban dakika 30, na bado tangazo lile linakumbukwa hadi leo. Kufikia 1990 siku ya mbio ilivuta watu wapatao 160,000.

Atakayepinga hoja yangu ataanzia kwenye hati ya umiliki. Honda ndiyo iliyojenga kiwanja hiki mwaka 1962, kampuni yake tanzu ndiyo inayokiendesha, na kufikia 2024 ilikuwa imeshinda mbio hizi mara 30. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mwenye kiwanja huishi kwa tiketi na wadhamini, na tiketi hazinunuliwi kushuhudia matokeo yanayojulikana. Yamaha ilishinda mara nne mfululizo kuanzia 2015, na 2019 Kawasaki ilipewa ushindi baada ya rufaa iliyofuatia ajali ya dakika za mwisho. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingemnunulia mwenye kiwanja mvuto wa miaka ile. Honda inahitaji wapinzani wenye meno, na ikishinda peke yake inapoteza kama mwenye nyumba kile inachopata kama mtengenezaji.

Pingamizi la pili ni la takwimu. Mwaka 1982 soko la Japani lilipokea pikipiki zaidi ya milioni 3. Siku hizi ni kama 400,000 kwa mwaka. Je, dirisha lina faida gani kama wapita njia wametoweka? Jibu limo ndani ya mchanganuo wa anguko lenyewe: sehemu kubwa ya waliopotea ni wanunuzi wa vipikipiki vya cc 50, ambao wamehamia baiskeli zinazosukumwa na umeme na njia nyingine za usafiri. Hao hawakuwahi kuwa wateja wa Suzuka. Miongoni mwa waliobaki wamo wenye pikipiki kubwa; wastani wa umri wao umevuka miaka 50, na wana fedha za kubadilisha bomba la moshi, breki na springi. Tangu 1996, leseni kubwa ilipoanza kupatikana katika shule za udereva, ndoto ya ujana imenunulika ukubwani. Soko la vipuri linaegemea watu hawa.

Lililo gumu zaidi kujibu ni kwamba faida ya viwanda sasa inatoka India, Indonesia na Vietnam, kwa pikipiki ndogo za kazi. Honda inawapeleka Suzuka waendeshaji wa Kiasia kupitia timu ya Honda Asia-Dream, na Suzuki, iliyojiondoa katika mbio kubwa mwishoni mwa 2022, ilirudi hapa 2024 kujaribu mafuta yenye sehemu ya asili ya mimea. Hayo ni matumizi yenye maana, lakini ni ya viwanda. Gereji ndogo haina bajeti ya kutafiti mafuta. Ndiyo maana kurudi kwa timu ya kiwanda ya Yamaha mwaka 2025 kunanifurahisha nusu tu. Naangalia zaidi daraja la SST, ambako pikipiki hubaki karibu sana na ile ya dukani na marekebisho yanabanwa. Huko ndiko fundi mwenye karakana ya kawaida anapoweza bado kumudu gharama, na kama waandaaji wana fedha ya ziada ya kupunguza ada au kuongeza zawadi, iende huko kabla ya kwenda kwa timu ambazo zingekuja hata bila kuitwa.