UPIMAJI WA ARDHI KWA KILIMO CHA KUMWAGILIA: FUNZO KUTOKA CHIMWAGA, DODOMA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa shamba lolote, kabla ya kuwekewa mabomba au kuchimbiwa mifereji, hapana budi lipimwe udongo wake na maji yake. Wapo wanaonunua pampu kwanza na kuuliza baadaye, na hasara yake huonekana msimu wa pili au wa tatu.

Jina la Chimwaga linafahamika Visiwani kwa ajili ya ukumbi wa mikutano mikuu ya Chama. Tangu mwaka 2007 eneo hilo limekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mvua za huko ni za msimu mmoja, Disemba hadi Aprili, takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Kwa hiyo anayetaka kulima nje ya msimu huo hana budi kumwagilia.

Ardhi ya uwanda huo si ya namna moja. Kwenye miinuko upo udongo mwekundu wenye kichanga; mabondeni upo udongo mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kichanga huweza kunywa milimita 30 za maji kwa saa au zaidi, ilhali mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu. Kwa hesabu hiyo, ekari moja ya kichanga iliyofurikishwa humeza kiasi cha mita za ujazo 120 kwa saa moja, na sehemu kubwa hupita chini ya mizizi. Ndiyo sababu majaruba ya mpunga hustawi katika mabonde ya Bahi, na mizabibu ya Chinangali, wilayani Chamwino, ikawekewa mabomba ya matone. Mifereji ya matuta huhitaji ardhi karibu tambarare, mteremko usiozidi nusu mita kwa kila mita 100. Umwagiliaji wa kunyunyiza huvumilia ardhi isiyo sawa, lakini upepo hupeperusha maji.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni chumvi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, lina maji mengi yenye kuvutia macho, lakini yana chumvi, na mashamba yanayomwagiliwa kwayo yameathirika. Jua hukausha maji, chumvi hubaki. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), maji yasiyofikia desisimensi 0.7 kwa mita hayana tatizo, yanayozidi 3.0 yana madhara makubwa. Maharage na vitunguu huathirika mapema kabisa.

Yafaa ieleweke pia kuwa matone hayaondoi chumvi. Huisukuma pembezoni mwa sehemu iliyolowa, na mvua ndogo ya kwanza huirudisha kwenye mizizi. Mkulima anayefunga mabomba yake siku hiyo kwa furaha huweza kuunguza mazao. Wataalamu hushauri maji yaendelee kufunguliwa mpaka mvua iwe kubwa. Maji hayo hayo yakinyunyizwa juu ya majani, huyababua.

Kwa sababu hizo, utaratibu wa FAO wa mwaka 1976 hauhukumu shamba kuwa zuri au baya tu. Shamba hupangwa katika madaraja matano, matatu ya kufaa na mawili ya kutofaa, kwa kila matumizi peke yake. Shamba moja huweza kufaa sana kwa matone na lisifae kabisa kwa majaruba.

Hapa Unguja, bonde la Cheju na maweni ya Makunduchi havipimwi kwa kipimo kimoja. Kwenye maweni udongo ni haba juu ya jiwe, na kisima cha karibu na pwani kikivutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya bahari.

Mwenye kukusudia kumwagilia achimbe shimo la mita moja na nusu, au mpaka afikie jiwe, katika kila sehemu ya shamba ambayo rangi ya udongo hubadilika. Achukue udongo wa juu na wa chini katika mifuko mbalimbali na kuuwasilisha kwa Bwana au Bibi Shamba. Maji ya kisima yachukuliwe mwishoni mwa kiangazi, wakati chumvi yake imefikia kilele, katika chupa iliyosuuzwa kwa maji hayo hayo.