Usimamizi wa Miamba ya Matumbawe Nchini Tanzania na Mafunzo Yake kwa Mazalia ya Samaki ya Ziwa Victoria: Mtazamo kutoka Nyegina, Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Kata ya Nyegina, katika Wilaya ya Musoma mkoani Mara, ipo mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Hakuna tumbawe linaloweza kuota katika ziwa lililo jirani nayo, kwa kuwa matumbawe ya miamba huhitaji maji ya chumvi, yenye joto na mwanga wa kutosha. Hata hivyo, swali linalowakabili wavuvi wa mwambao wa Musoma ni lile lile lililowakabili wenzao wa Tanga, Mafia na Mtwara: samaki wakihitaji muda na mahali pa kuzaliana, ni nani atakayebeba gharama ya kuwasubiri?

Makala haya yanafafanua juhudi za Serikali ya Tanzania za kulinda na kusimamia miamba ya matumbawe, kisha yanapima ni mafunzo gani yanaweza kuhamishiwa katika Ziwa Victoria. Hoja kuu ni kwamba katazo la kuvua katika eneo fulani la maji hudumu pale ambapo anayezuiwa ana sauti katika uamuzi wa kulifunga, na ana njia ya kuishi wakati wa kusubiri. Mahali ambapo masharti hayo mawili hayapo, doria peke yake hupunguza uharibifu kwa muda tu.

2.0 Tumbawe na Mwamba wa Ziwani

Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza sehemu kubwa ya chakula chao. Aina nyingi za matumbawe ya mviringo hukua kwa takribani sentimita moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo, baruti inayolipuliwa kwa dakika moja ili kukusanya samaki huvunja kilichojengwa kwa vizazi. Hasara haiishii hapo, kwa sababu vifusi vinavyobaki husukumwa na mawimbi huku na huko, na matumbawe machanga hukosa mahali imara pa kushika.

Miamba ya mwambao wa Ziwa Victoria ni mawe yasiyo na uhai, lakini kazi yake kwa samaki inafanana na ya matumbawe. Mianya yake huwahifadhi furu wa aina mbalimbali na samaki wachanga. Katika maji ya kina kifupi yenye mchanga, dume la sato huchimba kiota. Jike hutaga, kisha huyaatamia mayai kinywani. Kokoro linapokokotwa kuelekea ufukweni hupita juu ya viota hivyo na kuwazoa wazazi pamoja na vifaranga. Tofauti ni kwamba kiota cha mchanga huweza kuchimbwa upya katika msimu mfupi, ilhali tumbawe lililovunjika huhitaji miongo. Kwa mantiki hiyo, ziwa lina nafasi ya kupona haraka zaidi endapo litapewa utulivu.

3.0 Juhudi za Serikali katika Mwambao wa Bahari ya Hindi

Hatua za awali zilikuwa za kutenga maeneo. Mwaka 1975, visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Tangazo hilo halikuambatana na usimamizi wa kutosha, na kwa miaka mingi ulinzi ulibaki zaidi kwenye karatasi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Chini ya sheria hiyo, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995. Ilifuatiwa na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na ya Silikanti mkoani Tanga mwaka 2009. Umuhimu wa sheria hiyo haupo katika makatazo pekee. Miongoni mwa madhumuni ya hifadhi, inataja kwamba wakazi wa vijiji washirikishwe katika hatua zote za upangaji na uendeshaji, wapate sehemu ya manufaa, na wapewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali.

Mafia inaonesha jinsi madhumuni hayo yanavyotafsiriwa kwa vitendo. Hifadhi imegawanywa katika kanda. Katika baadhi ya kanda uvuvi umekatazwa kabisa. Katika nyingine wakazi huvua kwa zana maalumu. Na katika kanda ya matumizi ya jumla masharti ni mepesi zaidi. Juya lilipokatazwa, ulifanyika mpango wa kubadilishana nyavu ili mvuvi asirudi nyumbani mikono mitupu. Aidha, sehemu ya mapato ya viingilio vya watalii hurudishwa vijijini. Mipango hiyo haikumaliza manung'uniko yote, lakini iliweka msingi wa majadiliano kati ya mlinzi na mlindwa.

Historia ya uvuvi wa baruti inatoa upande wa pili wa funzo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, doria zilizohusisha vyombo vya ulinzi zilipunguza milipuko, hususan mkoani Tanga. Doria zilipolegea, milipuko ilirejea katika miaka ya 2000. Mwaka 2015 Serikali iliunda kikosi kazi kilichounganisha taasisi mbalimbali, na kazi yake ilielekezwa pia kwa mitandao ya wasambazaji wa baruti badala ya kuishia kwa mvuvi aliyekamatwa mtumbwini. Baada ya hapo milipuko ilipungua kwa kiasi kikubwa. Kwa maneno mengine, nguvu ya dola ilifanikiwa zaidi ilipougusa mnyororo mzima.

4.0 Ziwa Victoria: Sheria na Mipaka Yake

Katika ziwa, usimamizi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake. Kokoro ni zana haramu, na sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Hata hivyo, sangara majike wengi hukomaa wakiwa wamepita urefu huo. Kwa sababu hiyo, kipimo cha samaki hakiwezi kuchukua nafasi ya ulinzi wa mazalia.

Ulinzi wa kila siku umekabidhiwa kwa sehemu kubwa kwa Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, vinavyojulikana zaidi kama BMU, ambavyo vilianza kuundwa mwaloni mwishoni mwa miaka ya 1990. Vikundi hivi vina mamlaka ya kijamii ambayo askari wa doria hana: wajumbe wake wanajua mtumbwi ni wa nani na kokoro limefichwa wapi. Udhaifu wao ni wa kimapato. Mazalia ya sato hayana watalii wa kulipa viingilio, na mjumbe anayekesha ziwani hupoteza usiku wa uvuvi wake.

Ziwa lina mfano wake wa maji yaliyofungwa. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, inajumuisha eneo la maji ambamo uvuvi hauruhusiwi. Lakini Rubondo haina vijiji ndani yake, na hivyo haiwezi kuwa kielelezo cha moja kwa moja kwa mwambao wa Musoma, ambako mwalo, shamba na makazi vimekaribiana.

Zaidi ya hayo, mipaka ya hifadhi haizuii maji. Mwaka 1998 joto la bahari lilipauka matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, yakiwamo yaliyokuwa ndani ya maeneo yanayolindwa. Ziwani, tishio linalolingana na hilo ni tope na rutuba ya ziada kutoka nchi kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionesha kwamba furu majike huchagua madume kwa rangi zao, na kwamba maji yakitibuka uteuzi huo huvurugika. Sharti la mita 60 kutoka ukingo wa maji, lililomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ni sehemu ya ulinzi wa samaki sawa na katazo la kokoro.

5.0 Nani Hubeba Gharama ya Kusubiri?

Eneo la kina kifupi linapofungwa, hasara haigawanyiki sawa. Mwenye mtumbwi wa injini anaweza kusogea mbali zaidi. Mvuta kokoro asiye na chombo hana pa kusogea, na mwanamke anayenunua samaki wa ufukweni kwa ajili ya kuwakausha na kuwauza hupoteza mtaji kabla ya mwezi kwisha. Hawa ndio watakaoamua, usiku usio na doria, kama katazo litaheshimiwa.

Kufunga kwa muda kunapunguza mzigo huo. Katika Kisiwa Panza, Pemba, wanajamii wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa takribani miezi mitatu ili pweza wakue, kisha kuzifungua kwa wote. Katika Ziwa Tanganyika, Serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani. Mifano hii inatofautiana kwa ukubwa, lakini yote miwili inampa mvuvi kitu ambacho katazo la kudumu halimpi: tarehe ya kurudi majini.

6.0 Hitimisho

Uzoefu wa matumbawe unaonesha kwamba Serikali inaweza kulinda mazalia pale sheria, doria na maslahi ya wakazi vinapokwenda pamoja. Kwa vijiji vya Nyegina na mwambao wa Musoma, hatua inayofaa ni kuanza na maeneo madogo ya mazalia, yatakayochaguliwa na wavuvi wenyewe kupitia BMU na mikutano ya vijiji, na kufungwa kwa kipindi kinachojulikana. Halmashauri nayo itenge sehemu ya ushuru wa samaki kwa ajili ya walinzi, na iandae zana halali kwa wavuta kokoro kabla ya siku ya kufunga. Utaratibu huo ukigeuzwa, na katazo likatangulia riziki, ziwa litarudia historia ya baruti: ukimya wakati wa doria, na uharibifu baada yake.