Morse alikufa mwaka 2000, biashara yake bado inalipa

Novemba 15, 2000, kituo cha ITV cha Uingereza kilimuua mpelelezi wake maarufu. Inspekta Morse, aliyeigizwa na John Thaw, alifariki kwa maradhi ya moyo katika sehemu ya 33 ya tamthilia iliyobeba jina lake, huku watu wapatao milioni 13 wakitazama. Kwa hesabu za kawaida za runinga, bidhaa hiyo ilikuwa imefika mwisho.

Mwaka 2006 msaidizi wake, Lewis, akapewa tamthilia yake iliyodumu hadi 2015 na kufikisha sehemu 33 vilevile. Mwaka 2012 ikaja Endeavour, inayomrudisha Morse katika ujana wake wa miaka ya 1960. Hiyo ilifunga pazia Machi 2023 ikiwa na sehemu 36. Jumla ni sehemu 102, zote zikitokana na wahusika wa riwaya 13 za mtu mmoja, Colin Dexter.

Chanzo cha faida hiyo ni muundo. Tamthilia ilipoanza Januari 1987, polisi wengi wa runinga walipewa saa moja. Watayarishaji wa Morse walidai saa mbili, matangazo yakiwemo, kwa kisa kinachoanza na kwisha usiku huohuo. Asiyetazama wiki iliyopita hapotei. Kwa mwenye haki, kila sehemu inauzika peke yake, leo au miaka ishirini baadaye. ITV3, iliyoanzishwa mwaka 2004, imejaza ratiba yake kwa marudio ya aina hii: gharama ya kupiga picha ilishalipwa zamani, yanabaki malipo ya haki za waandishi na waigizaji.

Soko la nje nalo likapanda ngazi. Marekani ilianza kama mnunuzi, kupitia kituo cha WGBH cha Boston. Ilipofika zamu ya Endeavour, kipindi cha tamthilia cha kituo hichohicho, Masterpiece, kikaingia kama mbia wa utayarishaji.

Mjini Oxford, mapato yamewafikia watu wasiomiliki hata dakika moja ya filamu. Waongoza watalii wanauza matembezi ya kupita vyuo na baa alizokunywa Morse, na hoteli ya Randolph ikaipa baa yake jina lake. Hata gari lina hesabu yake. Vitabuni Morse aliendesha Lancia. Runinga ikampa Jaguar Mark 2 nyekundu, na Dexter akabadilisha matoleo ya baadaye yafuate skrini. Gari lenyewe, lililokuwa chakavu wakati wa kupiga picha, lilikarabatiwa na kuuzwa mwaka 2005 kwa zaidi ya pauni 100,000.

Majukwaa ya intaneti sasa yanapendelea kisa kimoja kinachovutwa msimu mzima. Mtindo huo huleta wateja haraka, lakini mtu akishamjua muuaji hana sababu kubwa ya kurudi. Morse hurudiwa kwa ajili ya Morse mwenyewe: bia yake, muziki wake na ukali wake kwa Lewis. Mwekezaji anayepima tamthilia mpya ya upelelezi aanze hapo: mhusika huyu atatazamwa tena na mtu anayejua tayari nani aliua?