Mfinyanzi Asikose Udongo

Wahenga walisema: mfinyanzi hulia gaeni. Sisi wakazi wa Bujumbura hatuna budi kuongeza neno: siku hizi mfinyanzi wetu anakaribia kukosa hata udongo wa hilo gae.

Udongo wa mfinyanzi haupatikani kila mahali. Mawe magumu ya matale huozeshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na chembe zake laini husombwa na maji hadi mabondeni. Ndiyo maana ibumba, kama Warundi wauitavyo, huchimbwa katika mabonde yenye majimaji. Kirundi husema kubumba, Kiswahili kuumba; asili ya maneno hayo ni moja.

Wafinyanzi, ambao tangu zamani wengi wao ni Batwa, huutoa udongo huo mawe na mizizi, wakaukanda, wakauchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Hawatumii gurudumu, hupandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine. Chungu kikikauka huchomwa kwa nyasi na kuni. Joto likipita nyuzi 600, udongo haurudi tena kuwa tope. Vigae vya Urewe vyashuhudia kwamba ufinyanzi katika nchi za Maziwa Makuu una umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Lakini Batwa wengi hawana ardhi. Mabonde waliyozoea kuchimba sasa yamelimwa mpunga, na mengine hufyatuliwa matofali. Mwenye shamba hudai fedha, na huku sokoni sufuria na ndoo za plastiki zimeshusha bei ya chungu. Mfinyanzi hubanwa pande zote mbili.

Katiba ya mwaka 2005, na ile ya 2018 baada yake, ziliwatengea Batwa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Ni haki yao. Lakini kiti hakifinyangi chungu. Twaona inafaa bonde lenye udongo mwema litengewe sehemu ya wafinyanzi, nao wayafukie mashimo wakimaliza kuchimba. Na sisi wa mjini tukumbuke kwamba jiko la makaa lililokandikwa udongo hutunza joto na kupunguza gharama ya makaa.

Sisi askari tumefunzwa kuilinda ardhi ya nchi. Na ibumba ni ardhi hiyo hiyo, mikononi mwa raia aijuaye kuliko wote.